Maana ya Maneno: Uhuni

Katika kambi za jeshi na laini za polisi hakuna neno la lawama linalotoka mdomoni kwa wepesi kama neno "mhuni". Mama humwita hivyo mwanawe aliyerudi nyumbani baada ya taa kuwashwa. Koplo wa doria humwita hivyo kijana aliyesimama mbele ya duka lililofungwa. Mwenye kibanda cha chai humwita hivyo askari aliyekunywa vikombe viwili akaondoka bila kulipa, ingawa hulitamka neno lenyewe askari huyo akiisha kwenda. Mzee naye humwita hivyo kijana aliyekuja kuposa peke yake, bila mshenga wala mjomba. Watu hao wanne wametumia neno moja, na hakuna wawili kati yao waliokusudia jambo moja.

Kamusi za Kiswahili humweleza mhuni kuwa ni mtu asiye na makao wala kazi maalumu, anayetangatanga ovyo na kuishi pasipo kufuata desturi za watu. Lipo pia tendo la kuhuni, ambalo siku hizi halisikiki sana, lenye maana ya kuwatoroka watu wako na kwenda kuzurura. Wengi wa bara husema "muhuni". Ni neno lile lile, na hakuna haja ya kumcheka anayelitamka hivyo. Linalofaa kuangaliwa zaidi ni kwamba katika asili yake neno hili halina wizi ndani yake, wala ngumi, wala pombe. Mhuni wa asili ni mtu aliyekatika kutoka kwao. Hana mlango wa kugongwa wakati anapotafutwa, hana mzee wa kuulizwa habari zake. Jamii za zamani zilimwogopa mtu wa namna hiyo kwa sababu akifanya kosa hakuna wa kulipa fidia, na akifa hakuna wa kupelekewa habari. Uovu uliongezwa baadaye, juu ya hofu hiyo.

Yafaa kulipima neno hili kwa kuliweka karibu na jamaa zake. Mtoto mtukutu ni yule asiyetulia mahali pamoja; mikono yake hugusa kila kitu, na aghalabu umri humponya. Mtundu yu karibu na mtukutu, lakini ndani ya utundu mna akili, ndiyo maana fundi aliyeweza kuifungua redio na kuirudishia kila skrubu mahali pake husifiwa kwa utundu wake. Mkaidi ameisikia amri na hataki kuifuata. Mjeuri huenda akaifuata, ila hawezi kuifuata bila kujibu. Mfedhuli hamheshimu anayestahili heshima, na mara nyingi si kijana hata kidogo: yawezekana akawa mtu mzima mwenye cheo, viatu vyake vimeng'arishwa, anayemwacha mjane amesimama mlangoni huku yeye akisoma gazeti. Mkorofi hutafuta ugomvi palipo na amani. Mlevi, mwizi na mzinzi hawahitaji maelezo.

Kila neno kati ya haya lina tendo lake. Ukimwita mtu mkaidi, msikilizaji aweza kuuliza: amekataa amri gani? Ukimwita mwizi, utaulizwa: ameiba nini, na cha nani? Lakini ukimwita mtu mhuni, hakuna swali linalofuata. Wasikilizaji hutikisa vichwa kana kwamba wameelezwa, na kumbe hawakuelezwa kitu. Neno hilo limewaambia jinsi msemaji anavyomchukia mtu huyo. Halikuwaambia mtu huyo amefanya nini. Kwa Kiganda jamaa yake wa karibu ni "muyaye", nalo lina upungufu huo huo.

Uganda ina mfano wa neno jingine la Kiswahili ambalo lilikwenda njia tofauti. Katika Kiswahili cha zamani kondo ni vita au ugomvi. Nchini Uganda, katika miaka ya 1960 na 1970, kondo lilikuwa jina la mnyang'anyi mwenye silaha, yule anayevunja mlango usiku au kusimamisha gari barabarani. Lilikuwa neno la kutisha, lakini lilikuwa wazi: mtu aliyeitwa kondo alishukiwa unyang'anyi wa silaha, si kukosa kazi. Hata hivyo uwazi huo haukutosha. Serikali ya kijeshi ya wakati huo ilitoa amri, mwaka 1971 na tena mwaka 1972, zilizowapa wanajeshi uwezo wa kukamata raia, na zilizoruhusu nguvu za kila namna kutumika juu ya mtu aliyedhaniwa kuwa mnyang'anyi akijaribu kukimbia. Katika miaka hiyo watu wasio na silaha yoyote walikufa kwa jina hilo. Ikiwa neno lenye maana iliyo wazi liliweza kufanya hayo lilipoambatana na bunduki, neno lisilo na mipaka litahitaji uangalifu mkubwa zaidi mdomoni mwa mtu mwenye bunduki.

Lawama ya mtu asiye na makao ina historia ndefu katika sheria, na historia hiyo inawahusu askari kuliko wengi wanavyodhani. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, Uingereza ilivunja vikosi vyake vingi. Askari na mabaharia wengi mno waliachishwa kazi kwa pamoja, na kazi za uraia za kuwatosha hazikuwepo. Wengine walikuwa wamepoteza mkono au mguu. Wakalala ghalani, wakaomba njiani. Mwaka 1824 Bunge la huko likapitisha Sheria ya Uzururaji, ambayo ilimfanya kuwa mkosaji mtu aliyelala nje au katika banda, asiye na riziki inayoonekana, tena asiyeweza kutoa maelezo mazuri juu ya nafsi yake. Mtu aliyepigania nchi yake miaka tisa kabla ya hapo sasa aliweza kutiwa gerezani na nchi hiyo hiyo kwa kukosa mahali pa kulala. Ni vizuri askari wa leo ajue kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kupatikana na kosa hilo walikuwamo askari wenzake.

Maneno ya sheria hiyo yalisafiri kwa meli pamoja na watawala. Yaliingia katika kanuni za adhabu za Uganda, Kenya, Tanganyika, Malawi na makoloni mengine, mahali pengine karibu neno kwa neno. Tanganyika iliongeza sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini wenyeji waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Na katika lugha ya mitaani Dar es Salaam, kijana wa mjini asiye na kazi alikuwa na jina moja tu, mhuni. Kenya nayo ilikuwa na sheria ya uzururaji tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni, na haikuifuta mpaka mwaka 1997. Kwa mtawala mkoloni neno hili lilikuwa na manufaa makubwa. Hakulazimika kueleza kwa nini mji una watu wengi kuliko kazi, wala kwa nini mshahara wa mwenye kazi haukutosha kodi ya chumba. Ilitosha kusema kwamba mji umeingiliwa na wahuni.

Uhuru haukulimaliza jambo hilo. Mwaka 1983 Tanzania ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na mjini Dar es Salaam watu walidaiwa vitambulisho vya kazi. Wasio navyo walipakiwa wakapelekwa vijijini kulima. Nia ilikuwa kupata chakula zaidi na kuupunguzia mji mzigo. Lakini waliokamatwa hawakuwa watu wa namna moja. Walikuwamo wavivu, na walikuwamo pia watu walioamka alfajiri kukaanga maandazi, kushona viatu na kuuza karanga, ambao kazi yao ilikuwa ya kweli, ila haikuwa na karatasi. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Baadaye wachuuzi wa namna hiyo waliruhusiwa kufanya kazi kwa leseni, na leseni yenyewe ikajulikana kwa jina lile lile la nguvu kazi. Mtu yule yule, na sinia lile lile la maandazi: jana mzururaji, leo mfanyabiashara. Hakuna kilichobadilika kwake isipokuwa neno.

Mahakama za Afrika zimechukua muda kulifikia jambo hili, lakini zimelifikia. Mwezi Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilibatilisha kifungu cha uzururaji katika shauri la mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa kabla ya kupambazuka, akiwa njiani kwenda kuuza bidhaa zake. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa humwadhibu mtu kwa hali yake ya maisha, na hasa humwangukia maskini. Na mwezi Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha sehemu mbili za kifungu cha 168 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hesabu ya vifungu ya wakati huo. Moja ilihusu mtu anayeshukiwa, asiye na riziki inayoonekana na asiyeweza kutoa maelezo mazuri juu ya nafsi yake. Nyingine ilihusu mtu anayekutwa akitembea mahali na kwa wakati unaomfanya adhaniwe kuwa na nia mbaya. Maneno ya mwaka 1824 yalikuwa yamedumu karibu miaka 200.

Kuna askari waliosikitika kwa hukumu hiyo, na hoja yao haikosi uzito. Askari wa doria huona kwa uzoefu mambo ambayo raia haoni. Humjua kijana anayelisubiri duka lifungwe, na humjua anayemsubiri rafiki yake. Aliyeibiwa naye hataki kusikia habari za Katiba. Lakini hukumu haikumnyima askari macho yake wala uwezo wa kumwuliza mtu swali, wala haikufuta wizi, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi au shambulio. Makosa hayo yako pale pale, na kila moja lina tendo lake. Kilichoondolewa ni uwezo wa kumfunga mtu pasipo kutaja tendo.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 23, inataka mtu anayekamatwa aambiwe papo hapo sababu za kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia kazini, kwa kuwa ni lugha ya askari wa Uganda tangu enzi za vikosi vya King's African Rifles, na mara nyingi ndiyo lugha ambayo askari kutoka kaskazini na mwananchi wa kusini wanakutania. "Wewe ni mhuni" ni Kiswahili kizuri, na kila mtu anakielewa. Ila si sababu. Sababu lazima iwe kitu ambacho mtu aliyekamatwa aweza kukikubali au kukikana.

Askari mwenyewe analijua jambo hili kutoka upande wa pili. Sheria za kijeshi zina shitaka moja pana sana, lile la mwenendo unaodhuru utaratibu mwema na nidhamu. Ni mfuko mkubwa. Mengi yaweza kutiwa ndani yake. Hata hivyo mwanajeshi anayepelekwa mbele ya mkuu wake kwa shitaka hilo hutarajia asomewe maelezo: siku gani, saa ngapi, mahali gani, na alifanya nini. Akiambiwa tu kwamba mwenendo wake ni mbaya, atauliza, kwa heshima, mwenendo upi. Anayo haki ya kuuliza. Kanuni za mwenendo walizowekewa askari wa jeshi la Uganda mwaka 1986 zilianza uhusiano wao na raia kwa kukataza kumtukana, kumkaripia na kumpiga mwananchi. Waliozitunga waliliweka tusi katika safu moja na kipigo, na walikuwa na sababu: katika miaka iliyotangulia, wananchi walikuwa wameyaona yote mawili yakija kwa mfuatano.

Tofauti huonekana vizuri zaidi katika kitabu cha matukio kituoni. Andiko la namna ya kwanza ni hili: "Mhuni mmoja amekamatwa sokoni usiku." Ofisa wa zamu ya asubuhi akilisoma, hajui la kufanya, na hakimu akiletewa, hajui zaidi yake. Andiko la namna ya pili ni hili: "Saa tano na nusu usiku, mwanamume wa umri kama miaka 20 ameonekana akibandua mlango wa duka kwa nondo. Alipoitwa alikimbia. Nondo imehifadhiwa." Hapa pana kazi ya kufanya. Na kuna faida ya pili, isiyosemwa mara nyingi. Askari anayejilazimisha kuandika tendo huenda akaanza hivi: "Saa tano na nusu usiku, mwanamume wa umri kama miaka 20 alikuwa amesimama...", kisha kalamu ikasimama nayo. Akiona hana la kuongeza, amekwisha kujua kwamba mtu huyo anapaswa kwenda zake nyumbani.

Nyumbani mambo ni hayo hayo, isipokuwa hakuna wakili. Mtoto wa askari huhamishwa mara nyingi. Baba akipewa kituo kingine, godoro hufungwa, sufuria hupakiwa, na mtoto huacha shule, marafiki na lugha ya mtaa aliyokwisha kuizoea. Afikapo mahali papya hana mtu amjuaye; akisimama njiani, wenyeji huulizana ni mtoto wa nani. Kwa kuipima kamusi, hakuna mtoto aliye karibu zaidi na maana ya asili ya neno mhuni kuliko yeye, na hakuna kosa alilofanya. Baba akirudi kutoka zamu ya usiku, amechoka, akasikia kwamba kijana hakuwamo shuleni, neno la kwanza linalomjia ni lile alilolitumia barabarani usiku kucha. Kijana wa miaka 13 hulipokea kwa namna yake. Kama angeulizwa, "Uliambiwa urudi saa kumi na mbili, umerudi saa mbili usiku, ulikuwa wapi?" angekuwa na swali la kujibu, hata kama angelijibu kwa uongo, na uongo waweza kuchunguzwa. Akiitwa mhuni hana la kujibu. Humbakia kunyamaza, au kutoka nje. Na huko nje wapo vijana ambao kwao jina hilo si aibu.

Kwa binti neno ni zito zaidi. Kijana wa kiume akiitwa mhuni, watu huwaza uzururaji, bangi, kamari au ugomvi. Binti akiitwa hivyo, watu huwaza jambo moja tu, na huliwaza hata kama kosa lake lilikuwa kuchelewa kisimani. Jina hilo likitamkwa kwa sauti kubwa katika nyumba zilizopangana ukuta kwa ukuta, laini nzima imelisikia kabla ya jioni. Mama aliyelitamka kwa hasira huweza kulisahau siku ya pili. Majirani hawalisahau, na siku posa ikija watalikumbuka.

Imebaki kutaja matumizi mapya. Vijana wa mijini Tanzania siku hizi huitana mhuni kwa urafiki, wakimaanisha mtu mjanja aliyeujua mji, na hapo hakuna ugomvi wowote. Mpira ukiisha vibaya, mashabiki husema mwamuzi amefanya uhuni, wakimaanisha udanganyifu. Vivyo hivyo kwa mnunuzi anayechezea mizani, au karani anayeruka majina katika orodha. Matumizi haya ya "kufanya uhuni" yana ubora wake, kwa kuwa angalau yamefungwa kwenye kitendo. "Kihuni" hutumika kwa namna ya kutenda: kuvaa kihuni, kusema kihuni, kujenga kihuni. Uhuni hauna wingi. Anayetaka kuuhesabu atasema mambo ya kihuni, kisha, kama anataka kuaminiwa, ayataje moja moja.

Juma lijalo: neno "ufisadi", ambalo wazee walilitumia kwa mtu anayeharibu wake za watu, na ambalo leo hutumiwa zaidi kwa anayekula mali ya umma.